Kona ya Lorna

Kengele ya kubadili zamu ililia Lorna Kubicek akiwa bado anachana paja la bata mzinga, na kisu kikalimaliza kabla mwenyewe hajasikia. Ndivyo anavyokuwa mtu aliyesimama kwenye mkanda wa kiwanda tangu ujana: mikono inabaki kazini, kichwa kinazurura. Kichwa cha Lorna kilikuwa kimeshafika shule ya msingi, kwenye mkutano wa chama wa kuchagua mgombea urais.

"Nenda basi, mwenzangu," alisema Socorro, akivuta glavu kushika nafasi yake. "Jioni yangu nimekupa, nakushikia zamu yako ya ziada; Pasaka utanishikia yangu. Usiende kusinzia huko."

"Nitasimama kwa niaba yetu wote."

"Thubutu! Utasimama kwa miguu yako miwili tu. Yetu iko hapa."

Kweli tupu. Kule Iowa, Marekani, mkutano huo haukuwa na sanduku la kura. Saa moja jioni mlango unafungwa, kila mtu anasimama kwenye kona ya mgombea wake, anahesabiwa kama ng'ombe mnadani. Hayupo, hahesabiwi, na kutuma mtu akusimamie ni marufuku. Waliopanga zamu ya jioni kiwandani walikuwa hawalijui jambo hilo, au walikuwa wanalijua vizuri sana.

Nje palikuwa na baridi ya kugandisha hata masengenyo midomoni. Gari la Lorna lilikohoa, likagoma, likabembelezwa, likakubali. Alipita dukani kununua mayai akatoka mikono mitupu. Mwaka huo mayai yalipanda bei mpaka wenye kuku mjini Tolley Creek walikuwa wanaamkiwa barabarani kama wachungaji.

Ukumbini aliwakuta majirani wote, yaani wastaafu, walimu na wakulima wenye mashamba yao. Kona ya gavana, mmoja wa wagombea watatu, ilikuwa imefurika. Ya seneta ilikuwa na watu wa kutosha kuanzisha kwaya. Kona ya daktari, yule mgombea aliyekuja kusimama kwenye geti la kiwanda katika theluji akiwauliza watu vidole vinawauma wapi, ilikuwa na kiti kimoja na bango.

Lorna akaenda kusimama pale peke yake, mkoba kifuani. Watu wa daktari walikuwa wengi kuliko wa gavana na seneta kwa pamoja, ila jioni ile wote walikuwa wanachana mapaja.

Mwalimu Arlys, mstaafu aliyeongoza mkutano, akahesabu kwa kidole.

"Kona ya daktari haijafikisha idadi ya chini, inavunjwa. Pole, Lorna, hamia kona nyingine. Kona ya seneta... mnapungukiwa na mtu mmoja. Msipompata, nanyi mnavunjwa, wajumbe wetu wote wa mkutano wa wilaya wanakwenda kwa gavana. Haya, bembelezaneni."

Hapo ndipo Lorna alipogeuka lulu. Wa kwanza kumfikia alikuwa Merle Haugen, msimamizi wake kiwandani, mpanga zamu, nahodha wa kona ya seneta. Tangu aajiriwe Lorna alikuwa hajawahi kumwona bosi huyu akikimbia.

"Lorna, dada yangu! Njoo kwetu. Seneta wetu naye ana mipango mizuri ya afya."

"Tangu lini nimekuwa dada yako, bosi? Asubuhi nilikuwa 'wewe wa mkanda wa pili'."

Verna wa kona ya gavana akajipenyeza na sinia la keki za limau. "Usimsikilize huyo. Njoo kwa gavana, mpenzi. Nitakuzolea theluji mlangoni mpaka Machi."

"Kwa mgongo upi, Verna?" Merle akadakia. "Juzi kanisani sufuria ya supu ilikushinda."

Ukumbi ukacheka. Lorna alijisikia raha. Hata marehemu mumewe hakumbembeleza hivyo alipokuja kumposa, na yule alikuja na trekta jipya. Akala keki moja polepole, akapangusa midomo.

"Nakuja kwako, bosi," akasema. "Lakini tukishahesabiwa, kona yako haiondoki. Mnabaki kwenye maazimio."

Merle akakunja uso. Kwenye maazimio habaki mtu. Kila mkutano, hesabu ikiisha watu hukimbilia magari yao, na mambo ya chama huamuliwa na mwenyekiti pamoja na yeyote ambaye hajaliona koti lake.

"Azimio gani?"

"Kwamba kura ipigwe kutwa nzima, mtu wa zamu yoyote aje saa yake. Na utalisoma wewe."

"Mimi? Lorna, mimi ndiye ninayepanga zamu!"

"Ndiyo maana. Halafu sauti unayo. Tunaisikia hata mashine zikinguruma."

Merle akaitazama kona yake, nayo ikamtazama yeye. Akakubali. Lorna akavuka ukumbi, kona ikapiga makofi, seneta akapata mjumbe wake.

Wale wa gavana walipoona kona nzima imebaki, nao wakavua makoti. Nani angekubali kuamuliwa mambo nyuma ya mgongo? Merle akasoma azimio, masikio mekundu kama shingo ya bata mzinga. Mikono ikanyooka kila upande, hata ya Verna.

"Limepita," alisema Mwalimu Arlys, naye akashangaa. "Sasa linakwenda mkutano wa wilaya. Tunahitaji mjumbe wa kwenda kulitetea. Ni Machi, siku ya Jumamosi, asubuhi."

Jumamosi za Machi kiwanda kinafanya kazi, na asiyefika anawekewa alama. Alama zikijaa, anapewa mkono wa kwaheri. Wengine Jumamosi zao walikuwa nazo, ila kila mmoja aligundua kwamba viatu vyake vinahitaji kutazamwa.

Lorna akanyoosha mkono.

"Lorna," Merle akanong'ona, "Jumamosi hizo tuna kazi."

"Najua, bosi. Hiyo moja nitakuwa naumwa."

"Huwezi kuniambia Januari kwamba utaumwa Machi!"

"Nimekuambia mapema upate mtu wa kushika kisu changu."

Mwalimu Arlys alikuwa ameinua kalamu, macho yake yakitoka kwa Lorna kwenda kwa Merle na kurudi. Merle akaanza kutafuta koti lake.

"Andika, Mwalimu," akasema Lorna.