Mkia wa Sharubu

Mwalimu Mkuu Hilary hakutaka panya. Alitaka mikia yao. Kila Ijumaa asubuhi, baada ya wimbo wa taifa, wanafunzi walipita mbele yake na mikia iliyofungwa kwa uzi. Yeye aliitazama kwa mbali, akaandika, kisha mikia ikatupwa kwenye shimo la taka na kumwagiwa mafuta ya taa. Amri ilitoka wilayani. Mwaka ule makombaini, mashine za kuvunia za mashamba ya ngano ya serikali, yalipomaliza kunyoa tambarare yote, panya walikosa pa kujificha na cha kula, wakahamia kijijini Dirma kama watumishi waliopewa uhamisho: familia nzima, na bila kuuliza mwenye nyumba ni nani.

Bibi Kornelia hakuwa na ugomvi na amri hiyo. Alikuwa ameua panya tangu usichana wake, kwa mwiko, kwa jiwe, kwa katambuga, na mara moja kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Hilo la mwisho aliliungama kwa padri, na padri akamuuliza kama alimpata.

Kwa hiyo Alhamisi ile, mjukuu wake Fabiola aliporudi kutoka shule akilia, Bibi hakufikiria panya hata kidogo. Fabiola alikuwa darasa la tano. Aliishi na bibi yake kwa sababu mama yake alikuwa mpishi kwenye kantini ya shamba la ngano na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi.

"Mwalimu mkuu amemchukua," Fabiola alisema.

"Amemchukua nani?"

"Sharubu."

Bibi aliweka ungo chini. "Amemchukua Sharubu? Na hatujajua kama paka ameamka!"

Sharubu alikuwa panya wa kitabuni. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilitoka kwenye boksi la vitabu vikuukuu ambalo Mwalimu Getruda wa darasa la tano alilipata kwenye likizo, akalibeba mwenyewe kichwani kutoka barabara kuu, kwa sababu hakutaka watoto wake wasome mabango ya mbolea tu. Aliwapa wasome kwa zamu, na Fabiola, mwenye sauti safi, alichaguliwa kuwasomea wenzake jioni. Walisomea uani kwa Bibi Kornelia kwa kuwa palikuwa na kivuli na mwenye nyumba hakuwa mtu wa kufukuza watoto.

Habari ilikuwa hivi. Sharubu, panya mwizi, alikamatwa akinusa samli ya Mfalme wa Paka. Mfalme akaamuru akatwe mkia. Mkia ukafungwa kwenye kiti cha enzi uwe kamba ya kengele, na kila mfalme alipotaka kula aliuvuta. Sharubu akaapa kuufuata. Akaondoka na kobe kipofu aliyedai kuijua njia, na kuku mtoro wa jeshi.

Siku ya kwanza Bibi alicheka kwa dharau. "Panya anaongea? Na ana kofia? Aliyeandika haya hana gunia la mahindi nyumbani kwake."

Siku ya pili alikuwa akichambua maharage, na kobe alipowapeleka wenzake moja kwa moja kwenye mto wenye mamba, akajikuta anatupa maharage mazuri na kubakiza mawe. Siku ya tatu alisema waziwazi kwamba kobe ni msaliti. Mtoto wa jirani, Akonaay, akambishia kwamba kobe ni mjinga tu, na wakabishana hadi ndama wakachelewa kufungwa.

Bibi aliona mambo mengine pia. Aliona kwamba watoto walianza kuja kila mmoja na ukuni wake, wakauweka jikoni bila kusema. Aliona ndoo yake ya maji inarudi imejaa na hajui nani aliyeipeleka kisimani. Na alimwona Fabiola, ambaye mbele ya wageni aliongea kama mtu mwenye ugali mdomoni, akisimama na kunguruma kwa sauti ya mfalme mpaka kuku halisi wakakimbia.

Aliwaelewa. Maisha ya watoto hawa yote yalikuwa na mwenyewe mkubwa. Tambarare ilikuwa ya serikali, ng'ombe walikuwa wa baba, kengele ilikuwa ya mwalimu mkuu, na Jumapili ilikuwa ya padri. Halafu hapa kuna kipande cha panya, hana hata mkia, anatembea siku nyingi kwenda kwa mkubwa kuliko wote kumwambia: naomba kilicho changu. Bibi mwenyewe, katika miaka yake yote, hakuwahi kumwambia mtu yeyote mwenye kiti maneno hayo.

Na sasa kitabu kimechukuliwa, sura mbili kabla ya mwisho! Waliishia pale Sharubu amepanda kiti cha enzi, amefungua fundo la kwanza, na mfalme amefungua jicho moja.

"Amekichukua kwa nini?" Bibi aliuliza.

"Darasa letu hatujaleta mikia Ijumaa mbili. Amesema kitabu kinatufundisha kupenda adui. Kesho anakitupa shimoni, kiungue pamoja na mikia ya madarasa mengine."

Bibi akamtazama. "Kwa hiyo mmeacha kuua panya kwa ajili ya Sharubu? Fabiola, mtaniua kwa njaa."

Mtoto aliacha kulia kwa mshangao. "Bibi! Kuua tunaua! Akonaay ametega debe la maji, tunawapata kila siku. Tunawazika nyuma ya choo cha shule."

"Mnawazika?"

"Na mikia yao. Kukata mkia ndiyo hatukati. Sharubu alisema vita ni vita, lakini mkia wa mtu ni wa mtu."

"Na mlimwambia mwalimu mkuu hivyo?"

"Hakutuuliza. Aliuliza tu mikia iko wapi."

Bibi Kornelia alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Alipopata pumzi, alifuta macho, akauliza, "Hilo debe la Akonaay, leo limepata kitu?"

Asubuhi alivaa kitenge chake cha Pasaka, akajitwika kikapu kilichofunikwa kanga, akashika njia. Mzee Bura, mwenzake wa rika moja, alikuwa akiziba ua wake kwa miiba.

"Kornelia! Unaenda mnadani?"

"Naenda kwa Mfalme wa Paka."

"Umeanza kuchanganyikiwa."

"Nilianza zamani. Wewe ndiye umechelewa kuona."

Shuleni, madarasa mengine yalikuwa tayari mstarini, na dumu la mafuta ya taa lilikuwa kando ya shimo. Darasa la tano walisimama peke yao, mikono mitupu. Bibi alipita moja kwa moja mpaka ofisini.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu Hilary, akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Karibu ukae."

Ofisi ilikuwa na kiti kimoja. Alimpa Bibi kile, yeye akakaa juu ya boksi la chaki. Bibi aliliona hilo. Aliona pia kwamba sweta la mwalimu limetoboka viwiko, na kwamba baridi ya mlima Hanang ilikuwa imempasua midomo. Huyu alikuwa mtoto wa mtu, kutoka Tabora, hana wa kumshonea. Kitabu kilikuwa mezani, karibu na kengele. Bibi alikitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake mahabusu.

"Nimekuja kuomba kitabu cha watoto," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga.

Mwalimu alipumua. "Bibi, panya ni adui wa uchumi. Ngano ya taifa, mahindi yenu, vyote vinaliwa. Wilayani wananiuliza mimi. Nami nina darasa zima linalomwonea huruma panya mwenye kofia! Hapana. Nikiona mikia ya darasa la tano, kitabu nitakirudisha saa hiyohiyo. Nisipoiona, kinaingia shimoni."

"Ni neno lako?"

"Ni neno langu."

"Basi mikia imekuja," alisema Bibi. "Ila imekuja na wenyewe."

Akaondoa kanga.

Mwalimu Mkuu Hilary aliinama kutazama ndani ya kikapu. Panya walikuwa wamepangwa vizuri, wamekufa na miili yao mizima kabisa, mikia imenyooshwa ubavuni kama askari waliolala. Uso wake ukawa na rangi ya chaki. Na huenda mambo yangeishia hapo, lakini mmoja wao, aliyekuwa amezimia tu kwenye debe la Akonaay, aliona sasa ndiyo saa ya kuzinduka. Alipiga chafya. Alikaa juu ya wenzake, akaitazama picha ya Rais ukutani, akamtazama mwalimu mkuu, kisha akaruka.

Mwalimu Hilary naye akaruka. Alipanda boksi la chaki, kutoka boksini akapanda meza, na kutoka mezani angepanda paa kama lisingekuwa la bati. Panya alizunguka miguu ya meza, akatoka mlangoni. Dirishani, ambako darasa la tano lote lilikuwa limejibana, sauti zikalipuka: "Sharubu! Sharubu! Kimbia!"

Bibi Kornelia aligeukia ukutani. Alifungua kitenge chake akakifunga upya, polepole sana, mpaka aliposikia viatu vimerudi sakafuni.

"Tabora hakuna panya?" aliuliza kwa upole, bado amegeuka.

"Wapo, Bibi. Ndiyo maana nilikubali kuja huku."

Bibi aligeuka, akakifunika kikapu.

"Watoto wameniona," mwalimu alisema. Sasa hakuwa mwalimu mkuu hata kidogo.

"Wamemwona mwalimu wao amepanda juu kuangalia kama bati linavuja," alisema Bibi, na akaligeukia dirisha. "Sivyo?"

Akonaay, kwa sauti nzito ya mtu mzima, akasema, "Linavuja kweli, Bibi. Pale pembeni."

Mwalimu Hilary alikichukua kitabu akampa Bibi kwa mikono miwili. Bibi alipokishika, yeye hakukiachia.

"Lakini hakiwezi kusomwa ovyo," alisema. "Lazima kikaguliwe. Huwezi kujua kama mwisho wake una siasa mbaya. Kisomwe hapa, mbele yangu."

"Kwani hukukikagua jana?"

Alikuna sikio. "Nilifika pale mfalme anapofungua jicho. Taa ikaisha mafuta. Yaliyobaki yalikuwa ya shimo."

Basi kilisomwa palepale mstarini, shule nzima imekaa kwenye nyasi, Fabiola amesimama juu ya boksi la chaki. Mfalme wa Paka aliamka. Aliuliza huyu kidudu anataka nini, na Sharubu akasema anataka mkia wake tu. Baraza zima likaangua kicheko. Mfalme akauvuta mkia kwa nguvu zote awaite walinzi, lakini fundo la pili lilikuwa limeshafunguliwa, na mfalme akaanguka chali, taji likamwingia hadi shingoni. Mwalimu Getruda alipiga vigelegele peke yake, akaona haya, kisha akapiga tena.

Nje ya ngome, Sharubu alijaribu kuurudisha mkia mahali pake. Haukushika. Alijaribu tena na tena. Mwishowe akaufunga kiunoni kama mkanda, akashika njia ya kwao.

Fabiola akafunga kitabu.

"Ndiyo basi?" Akonaay aliuliza. "Haukuota?"

"Haukuota," Fabiola alisema.

"Lakini ni wake," alisema mtoto mmoja wa darasa la kwanza, kwa ukali, kama kuna aliyebisha.

Mwalimu mkuu alipenga kamasi kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba kitabu hakina tatizo lolote la kisiasa, na kwamba kuanzia sasa darasa la tano wanaruhusiwa kuleta panya wakiwa na mikia yao, ila wawe wamekufa, na mwanafunzi mmoja awe amehakikisha hilo. Angewahesabu kutoka dirishani. Mafuta ya taa ya Ijumaa hiyo yalibaki dumuni, na jioni alimpelekea Mwalimu Getruda nusu, apate mwanga wa kuchagua kitabu kingine kwenye boksi.

Bibi Kornelia alirudi nyumbani na Fabiola, kikapu kikiwa chepesi. Alifungua mlango wa ghala, na juu ya gunia la mahindi alimkuta panya amekaa, mnene, anatafuna bila wasiwasi. Bibi alivua katambuga taratibu.

"Vita ni vita," alimwambia.

Akampata. Kisha akamwita Fabiola aje na jembe.