Gunia la Chini ya Cherehani

Mgeni aliingia kinyumenyume. Hakubisha hodi, alirudi nyuma hadi akagonga meza ya kukatia, mikono yote miwili imeshika suruali kwa nyuma.

"Mama, nisitiri. Imepasuka."

Mama Pindo alivua miwani, akaivaa tena. Katika miaka yake yote ya kushona, wateja walikuwa wakimjia kwa uso. "Imepasuka wapi, mwanangu?"

"Hapo hapo unapopafikiria."

Akamrushia shuka, akageukia ukutani mpaka suruali ikatua mezani. Alipoanza kukanyaga cherehani, kijana alikuwa ameketi kigodani, amejifunga shuka hadi kifuani, buti za mpira zikichungulia chini.

"Umeruka ukuta wa watu, ee?"

"Nimemkimbia ng'ombe. Mimi ni daktari wa mifugo."

"Makubwa! Daktari mzima unamkimbia mgonjwa!"

Walicheka wote wawili, kisha kicheko cha daktari kikakatika ghafla. Alikuwa amemwona mbwa.

Kifungo alilala chini ya cherehani, juu ya gunia la vipande vya nguo, kitanda chake tangu utotoni. Zamani mgeni akiingia alibweka mpaka sindano zikatetemeka ndani ya kopo. Leo aliinua jicho tu.

"Uzee," alisema Mama Pindo, ingawa hakuna aliyemuuliza.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

Daktari alipiga magoti, shuka na yote, akafunua mdomo wa mbwa. Fizi zilikuwa nyeupe kama chaki ya fundi. "Mkojo wake ukoje?"

"Siku hizi kama chai ya rangi. Nilidhani kanywa maji niliyolowekea kitambaa."

Daktari alipapasa nyuma ya sikio, akang'oa kitu cha kijivu kilichovimba kama punje ya hindi. "Kupe."

"Hao nawatoa kila asubuhi!" Mama Pindo aliinua kibano chake cha kuvutia nyuzi, kwa fahari kidogo. "Sijawahi kuruka hata siku moja."

"Ukishawatoa, unawaweka wapi?"

Mguu wake ulisimama juu ya pedeli. Kila kilichokatwa au kung'olewa chumbani humo, uzi, kipande, pindo bovu, kilikwenda mahali pamoja. Mkono uliachia wenyewe, bila macho kufuata. Polepole aliinama, akalitazama gunia.

Daktari alimweleza kwa upole. Kupe jike aliyeshiba hafi kwa kung'olewa. Hujificha penye joto, hutaga mayai maelfu, na vitoto vyake hupanda kutafuta damu. Sasa vijidudu vya ugonjwa vinavyoletwa na kupe vilikuwa ndani ya damu ya Kifungo, vikiipasua.

"Sindano nitamchoma. Lakini damu imekwisha mno, mama, na ya kumwongezea hatuna."

"Kumbe nilikuwa namtandikia kupe," alisema. "Kwa mkono wangu."

Suruali ilipokwisha kushonwa, kijana aliivaa, akatoa sindano kwenye mkoba wake wa begani, akamchoma Kifungo, na mlangoni akageuka. "Niahidi kitu kimoja. Apone asipone, gunia lichomwe. Lote. Nimeona mbwa wa jirani yako ana vitoto, na watoto wa nyumba ile wanashinda wakivibeba."

"Nitalichoma."

Neno lilimtoka upesi. Saa ile angeahidi hata kuichoma nyumba.

Alimhamishia Kifungo kwenye sakafu tupu karibu na mlango, akamnywesha maji kwa kijiko. Nusu yalirudi. Alimbembeleza, akamkaripia, akamwita kwa majina yote ya utani aliyopewa na marehemu mumewe. Daktari alirudi kesho yake, akamchoma sindano nyingine. Siku ya tatu, adhuhuri, mbwa aliinua kichwa kuelekea gunia. Alitaka kulala kwake. Miguu ilikataa. Alilaza kidevu juu ya mguu wa Mama Pindo, ule wa pedeli, na hapo hapo pumzi ikaisha.

Jirani alimsaidia kuchimba kaburi, kando ya uzio. Kisha Mama Pindo aliliburuta gunia hadi uani, akalimwagia mafuta ya taa.

"Si uchague hata vipande vichache?" jirani alisema. "Nguo nzuri hizo, dada yangu."

Vya chini kabisa havikuwa vyake. Vilikuwa vya mumewe, fundi aliyemfundisha kazi. Mama Pindo alikuwa akivitunza ashone blanketi siku mikono itakapopumzika. Akawasha kiberiti. Gunia lilipopasuka kwa moto, kimoja kiliteleza nje: kitambaa cha buluu, na juu yake mstari wa chaki, hafifu, uliopinda kidogo pale mkono wa mumewe ulipozoea kupinda.

Alikiokota. Alikikung'uta, akakisogeza karibu na miwani. Hakuona kupe hata mmoja.

"Kisafi hicho," jirani alimwambia. "Kichemshe tu ukiweke."

"Nikikichemsha, chaki itatoka. Nisipokichemsha..." Aliitazama mikono yake. "Jicho langu hili, jirani, limemtazama Kifungo kila asubuhi, na halikuona."

Alikaa nacho mpaka moto ukaanza kufifia. Vitoto vya mbwa vilikuwa vikilia upande wa pili wa uzio. Alikikunja mara mbili, kwa kufuata mstari wa chaki, akakitia motoni.