Shingo ya Chungu

Katika kipindi cha stadi za kazi, Mwalimu Atuganile alichora ubaoni chungu cha Ikombe: tumbo pana, shingo nyembamba, mdomo uliopinduka nje kidogo. Akaeleza jinsi udongo unavyokandwa na kuta zinavyovutwa juu. Ndipo msichana mmoja wa darasa la sita, Tuntufye, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mfinyanzi akishaibana shingo hivyo, mkono anautolea wapi?"

Wenzake wakacheka. Atuganile hakucheka, maana hakuwa na jibu, na kukosa jibu hilo kulimchoma kuliko kukosa jibu lolote lingine. Yeye ni mzaliwa wa Ikombe, kijiji cha wafinyanzi kando ya ziwa. Mama yake, Tusekile, ni mfinyanzi ambaye vyungu vyake vinanunuliwa hadi Karonga, nchi jirani. Lakini Atuganile alipelekwa shule ya bweni angali mdogo, mikono ikazoea chaki. Utotoni aliona vyungu vikifinyangwa kila siku ya Mungu, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuvitazama.

Kulichukua darasa zima kutoka shuleni kwao Ngana mpaka Matema, kisha kulipakia kwenye mitumbwi hadi Ikombe, halikuwa jambo la kufikirika. Hata hivyo nyumbani, chini ya nguo ndani ya sanduku, alikuwa na mkanda mdogo wa video. Ezroni, mumewe, ndiye aliyeupiga kule Ikombe, Pasaka ya mwisho kabla hajaondoka.

Ezroni alikuwa mpiga picha za harusi. Ilikuwa miaka ile mipaka imelegea, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na kila aliyekuwa na miguu alikuwa akienda mahali kutafuta. Alivuka mto Songwe akiwa na kamera yake begani, akapita Karonga, akaendelea kusini mpaka Sauzi. Alisema mpunga ukivunwa atakuwa amerudi. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kwa jirani mwenye simu ya mkononi, jirani anamwita Atuganile, naye anakwenda mbio na unga mikononi. Kisha simu zikapungua, zikakoma. Mpunga ulivunwa, ukapandwa, ukavunwa tena, mwaka baada ya mwaka. Mtoto wao Asifiwe, aliyeachwa akijifunza kusimama, sasa alikuwa chekechea.

Mkanda ule Atuganile hakuwahi kuutazama tangu siku Ezroni alipoondoka. Hakuwa na kifaa cha kuutazamia, na hata angekuwa nacho, asingethubutu.

Mjini Kyela, kwenye kituo cha walimu, palikuwa na kompyuta iliyoletwa na wafadhili. Ilikaa mezani imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua. Mtunza kituo, Mzee Zebedayo, mwalimu mstaafu, aliifuta vumbi kila asubuhi na kuifunika tena.

"Ugonile, Mzee," Atuganile alimsalimu. "Nasikia hiyo mashine inaweza kukata na kuunga picha za video."

"Nasikia hivyo na mimi," alisema Zebedayo. "Aliyeileta alituonyesha kuandika barua tu. Kama wewe utaweza kuifanyisha zaidi, mwanangu, kaa."

Patrick, aliyekuwa akipiga harusi pamoja na Ezroni, alikuwa na kamera ya aina ileile. Alikuja Ijumaa moja, akaunganisha kebo, mkanda ukazunguka, na picha zikaanza kuingia kwenye kompyuta. Atuganile akamwomba amfundishe yanayofuata.

"Shemeji, hapo umenifikisha mwisho," alisema Patrick. "Mimi harusi zangu huwa napeleka Mbeya zikakatwe. Sijui wanafanyaje."

Basi Atuganile akajifunza mwenyewe. Kila Ijumaa baada ya vipindi alidandia pikapu kwenda mjini, na Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza mlangoni. Maelezo yote ya programu ile yalikuwa ya Kiingereza, naye Kiingereza chake kilikuwa cha vitabu vya shule. Neno asilolijua alilifuata kwenye kamusi ya Zebedayo, na mara nyingi kamusi ilimwambia kitu kingine kabisa. Aligundua kwa kubahatisha kwamba kipande cha picha unakikamata kwa mausi na kukiburuta mpaka kwenye mstari ulioko chini, na kwamba vipande vinajipanga hapo kama nguo kwenye kamba. Alijifunza kukata mwanzo wa kipande, kisha mwisho wake. Alikata mara nyingi mahali pasipo pake, mkono wa mama yake ukatoweka katikati ya tendo.

Siku moja aliona mafaili yamezagaa, akayahamishia kwenye folda moja nadhifu, kama anavyopanga madaftari. Alipofungua kazi yake, kila kipande kilikuwa kimegeuka alama nyekundu ya X. Alihangaika mpaka mchana ndipo akaelewa: programu haikuzimeza zile picha, ilikuwa inakumbuka tu zinakokaa. Alizirudisha zilikokuwa, nazo zikatokea moja baada ya nyingine. Zebedayo alimletea chai bila kuuliza kitu.

Lakini kazi ngumu ilikuwa ile sauti.

Ezroni alikuwa mkwe mwenye adabu. Hakumsogelea mama mkwe wake wala kumsemesha moja kwa moja. Alisimama mbali, penye miamba ya ufukweni, akavuta picha kwa lenzi, na kila alichotaka alikipitisha kwa mkewe. Kwa hiyo sauti yake ilijaa mkanda mzima, karibu na kinasa kuliko kitu kingine chochote. "Atu, mwambie mama ainue chungu kidogo." "Atu, sogea, unaziba mwanga." "Atu, muulize kama amechoka."

Mara ya kwanza aliposikia, Atuganile alizima spika, akatoka nje, akasimama chini ya paa la veranda akitazama watu wanaopita na baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Aliporudi aliiwasha tena. Wiki kadhaa zikaenda hivyo. Alikuja mjini kukata picha, akaishia kusikiliza. Alijua sasa mahali Ezroni anapokohoa, mahali anapocheka kwa pua, mahali upepo wa ziwa unapolifunika jina lake nusu, ikabaki "A" peke yake.

Kisha akafika kwenye shingo, na hapo ndipo alipogundua kuwa shingo haikuwemo.

Mama yake alikuwa ameshalainisha tumbo la chungu kwa kipande cha kibuyu, ameshachukua udongo mpya wa kuongezea juu. Wakati huohuo Atuganile alipita na ndoo ya maji kichwani, nayo kamera ikamfuata. Ikamfuata mpaka majini na kurudi. Ilipokumbuka chungu, shingo ilikuwa imeshakamilika, na mama anaugeuza mdomo nje kwa kidole chenye maji.

Alitazama kipande kile mara nyingi kuliko alivyohitaji. Tuntufye alikuwa bado anasubiri jibu lake, na jibu lilikuwa limepotea kwa sababu mtu fulani alipenda kumtazama mtu mwingine akichota maji.

Akaenda kwa Patrick kuazima kamera, akapige sehemu hiyo mwenyewe. Patrick alikuwa ndiyo kwanza ametoka Karonga na mzigo wa vitenge. Aliitoa kamera kabatini, lakini hakumkabidhi.

"Shemeji, kaa kwanza."

Atuganile akakaa.

"Huko nimekutana na mtu ametoka Durban, kule Sauzi. Anamfahamu Ezroni. Yuko hai, ana afya."

"Mungu ni mwema," alisema Atuganile, na moyo wake ulikuwa umeshaanza kukimbia mbele yake.

Patrick aliutazama mkanda wa kubebea kamera mkononi mwake. "Ana nyumba huko. Mwanamke wa hukohuko. Nimeona usije ukasikia sokoni."

"Na mtoto?"

"Wa kiume."

Nje mtu alikuwa akigonga bati.

"Kamera bado anayo?" aliuliza Atuganile.

Patrick alishangaa. "Aliiuza alipofika tu. Ndivyo alivyosema huyo mtu."

"Ndaga," Atuganile alimshukuru. Akaipokea kamera, akaiweka kwenye kikapu, akaifunika kwa khanga.

Jumamosi iliyofuata alishuka Matema na kupanda mtumbwi. Milima ilikuwa imejifunika mawingu nusu, ziwa limetulia. Alimkuta mama yake ameketi kwenye mkeka nyuma ya nyumba, udongo umeshakandwa, kana kwamba alijua saa atakayofika. Atuganile alimweleza habari za Durban kabla hata ya kunywa maji. Bibi Tusekile alisikiliza huku akivuta ukuta wa chungu kwa vidole.

"Bado unamtaka?" aliuliza.

"Namtaka, mama."

"Basi utaendelea kumtaka. Sikuzai upya." Akauelekeza uso kwenye kamera. "Shika hicho kitu chako vizuri, udongo haungoji."

Safari hii hapakuwa na mkwe wa kukaa mbali. Atuganile alipiga magoti karibu kabisa, mpaka matone ya maji yakamrukia. Mama alikiacha chungu kikauke kiasi kivulini, kisha akaanza kukifunga juu. Alizungusha udongo mpya, akaubana kwa mkono wa nje, na mkono wa ndani ukawa unapanda.

"Wanafunzi wangu wanauliza mkono unatokea wapi," alisema Atuganile.

"Hautoki kwa mara moja. Tazama. Kwanza ngumi yote imo ndani. Shingo ikianza kubana, natoa kiganja, vidole vinabaki. Ikibana zaidi, vinabaki viwili. Mwisho kimoja." Alikitoa kidole cha mwisho taratibu, kimepakwa udongo mpaka kwenye pingili. "Ukiwahi kutoa, shingo inaanguka ndani. Ukichelewa, unaipasua."

Atuganile hakuthubutu kuzima kamera mpaka mama yake alipoinuka kunawa.

Kule kituoni alikiunga kipande kile kipya mahali penye pengo. Rangi hazikulingana: Ezroni alipiga kwenye jua la asubuhi, yeye alipiga siku ya mawingu. Hakujali. Akachukua kinasa sauti kidogo cha kompyuta, akamwomba Zebedayo afunge madirisha, akasoma maelezo yake kwa Kiswahili cha darasani, polepole. Majogoo wakamharibia, akarudia. Mvua ikaanguka juu ya bati, akangoja, akarudia.

Ilibaki kuiondoa sauti ya zamani iliyokuwa chini ya sauti yake. Alishajua namna: unagusa mstari wa sauti, unauchagua, unaushusha mpaka kimya. Alishusha kipande kimoja kimoja. Alipofika pale pa "sogea, unaziba mwanga", mkono ulikaa juu ya mausi kwa muda mrefu. Zebedayo, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti, alisema bila kuinua macho, "Hakuna anayekukimbiza, mwanangu." Akaushusha. Somo likawa na sauti moja, yake.

Kipande cha ndoo ya maji hakukiweka kwenye somo. Hakukifuta pia. Somo alilichoma kwenye CD moja, na kipande hicho peke yake kwenye nyingine, asiandike kitu juu yake.

Ngana haikuwa na umeme, lakini palikuwa na kibanda cha video cha Ambilikile chenye jenereta. Alhamisi moja darasa la sita lilitoka shuleni kwa mstari, sare zimechomekewa, likaingia kwenye kibanda ambacho siku zote walikatazwa kukanyaga. Wengine waliingia wakiinama kwa hofu ya kukamatwa na mwalimu, ilhali mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Somo lilipoanza walinong'ona, wakacheka kusikia sauti ya Mwalimu ikitoka kwenye televisheni naye amefunga mdomo. Ilipofika shingo wakasogea mbele kwenye mabenchi. Vidole vikapungua kimoja baada ya kingine, na Tuntufye, aliyekaa benchi la mbele, alikuwa akivikunja vya kwake bila kujijua.

"Mwalimu, rudisha hapo," alisema.

Akarudisha. Wakaomba tena, akarudisha tena.

Walipoondoka, Asifiwe, aliyekuwa ameletwa kutoka chekechea, alibaki na mama yake. Ambilikile alichungulia. "Nizime jenereta, Mwalimu?"

"Bado kidogo, kaka."

Aliweka ile CD nyingine, akampakata mtoto. Kwenye kioo akatokea mwanamke kijana mwenye ndoo kichwani, anacheka, maji yanamwagika begani, na nyuma yake ziwa. Sauti ya mwanamume ikasema, "Atu, usikimbie. Tembea tu kama unavyotembea."

"Nani anaongea?" aliuliza Asifiwe.

"Baba yako."

"Mbona haonekani?"

"Yeye ndiye ameshika kamera."

Mtoto alisogeza uso karibu na kioo, akasikiliza mpaka kipande kikaisha. "Anaongea haraka haraka," alisema.

"Ndivyo alivyo."

Muhula uliofuata shule nyingine ziliazima somo la chungu, na Zebedayo akamchongeshea Atuganile ufunguo wake wa kituo. Akaanza somo la kakao, tangu ua mpaka gunia. Sasa alijua kazi. Lakini simu ya jirani ilipoita asubuhi, kabla ya watu kutoka kwenda shambani, alikuwa anaacha anachokifanya na kusimama uani, ufagio mkononi, akisikiliza kama wataita jina lake.