Usingizi wa Mali katika Nchi ya Usinziani

Katika nchi ya Usinziani, iliyokaa kati ya vilima vya ukungu na mito iendayo polepole kama watu watokao karamuni, mali iliaminiwa kuwa na usingizi mwepesi. Wahenga wa huko walisema kwamba mali ikigutushwa hutoka mbio hadi ugenini, isirudi tena. Kwa hiyo watu walinyata wapitapo kando ya maghala ya matajiri, na waimbaji wenye sauti laini waliajiriwa kuyabembeleza mashamba makubwa. Kodi nayo haikuthubutu kugusa kilicholala. Ilitozwa kwa kinachotikisika: mchi ukipanda, jembe likiinuliwa, gunia likivuka daraja. Sheria hiyo ilisifiwa mno, hususan na wasioinua kitu.

Tajiri mkubwa wa huko alikuwa Bwana Limbiko, mwenye mashamba ambayo ndege huchoka kabla ya kuyavuka. Hakulima, hakuuza, alikula kwa kukopa, akiweka rehani utajiri wake, na kwa kuwa mkopo si pato, hakulipa hata chembe. Nyuma ya ukuta wake aliishi Bi Juhudi, mjane mtwanga mpunga, aliyetozwa konzi ya mchele kwa kila kinu alichotwanga. Ulipokuja ukame konzi zikamshinda, na mtoza kodi akakichukua kinu chenyewe. Watoto wake watatu wakashinda na njaa. Dhuluma hiyo inaniuma hata kuisimulia.

Juhudi akaenda barazani kwa Kadhi Insafu, ambako kinu chake kilikuwa kimewekwa.

"Bwana Kadhi," alisema, "sikatai kulipa. Lakini changu hutozwa kwa kuwa kinafanya kazi, na cha jirani yangu husamehewa kwa kuwa kimelala. Naomba kilicholala nacho kilipe."

Watu wakageuka kumtazama Bwana Limbiko, aliyekuwa ameketi mbele hapo barazani. Limbiko akatabasamu kwa upole.

"Bi Juhudi, Mungu akuzidishie subira. Nitozeni ninachochuma, nitalipa. Nitozeni ninachonunua, nitalipa. Lakini mali hii nani ataipima? Ni miba na majani makavu. Wallahi, mashamba yangu yote hayafiki thamani ya kinu hicho!"

Kadhi aliinamisha kichwa muda mrefu, hata wengine wakadhani naye amesinzia.

"Mwenye kitu ndiye ajuaye uzito wake," alisema hatimaye. "Tumekubali kipimo chako, Bwana Limbiko. Ila atakayekuletea thamani uliyoitaja, sharti umuuzie. Bi Juhudi, nakurejeshea kinu chako. Ukitaka, mpe, uchukue mashamba."

Juhudi akakiviringisha kinu taratibu hadi miguuni pa tajiri.

"La!" Limbiko akapiga ukelele. "Yanaweza kulisha nchi nzima miaka saba!"

"Katibu, andika hivyo hivyo," alisema Kadhi. "Kila mwaka atalipa fungu moja katika arubaini ya thamani hiyo. Na konzi ya kinu imefutwa."

Watu wakakimbilia nje, wakiwa na hakika kwamba ukelele ule umeyafukuza mashamba. Wakayakuta palepale, yamelowa umande, na ng'ombe mmoja anacheua.

Juhudi hakungoja shangwe, maana wanawe walikuwa hawajala tangu jana. Alikunja kata ya kanga, akaiweka kichwani, akapiga magoti mbele ya kinu.

"Nitwishe, jirani," alimwambia Limbiko.

Bwana Limbiko akatazama huku na huku, asione wa kumtuma. Akainama, akakishika kinu kwa mikono yake miwili, akamtwisha.