Mwanafunzi wa Kuigiza

Mtihani wa ukufunzi wa urubani una mchezo wake: mtahini hukaa kiti cha kushoto akajifanya mwanafunzi mbumbumbu, nawe umfundishe kana kwamba hajawahi kuona usukani. Torgeir Brekkhus, mzee aliyekula miaka thelathini angani mwa Norway, aliupenda mchezo huo kupita kiasi. Hata jina alijibadilisha.

"Mimi Kåre," alisema wakifunga mikanda. "Nauza samaki. Kona za angani naziogopa kama ukoma."

Benedita, mtahiniwa wake, hakucheka. Kwao Brazili alikuwa amefundisha marubani miaka minane, lakini huku leseni yake ilikuwa karatasi ya kufungia mkate. Alianza upya, mtihani juu ya mtihani, kwa lugha iliyomkwaruza koo. Kisha, katika jaribio la kwanza la mtihani huu, Torgeir akamfelisha kwa sababu moja tu: alimpokonya mwanafunzi usukani mapema mno. "Mwache mtu akosee ndipo ajifunze," alimwambia. "Huna subira." Leo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akifeli, klabu ya urubani iliyomwahidi kazi ingempa mtu mwingine, na kibali cha kuishi kingeondoka na kazi hiyo.

Kåre aliboronga kwa raha zake. Akakata kona kilevi, akasahau redio, akauliza kama huku juu kuna breki. Benedita alisahihisha kwa upole wa kujilazimisha. Angeweza kumzaba kofi.

Wakaja kutua. Jua la Novemba lilikuwa limelala chini, linawaka juu ya lami iliyolowa. Kåre akaanza kuinua pua ya ndege, na ardhi bado iko mbali. Mwendo ukapungua. King'ora cha kuonya kwamba ndege inakaribia kuanguka kikaanza kulia.

Anaigiza, Benedita alijiambia. Ukishika sasa, umekwisha.

Mwendo ukazidi kupungua. Kåre, msema hovyo yule, alikuwa kimya.

"Nachukua mimi!" Akasukuma usukani mbele, akaipa injini nguvu zote. Ndege ikayumba, ikashika hewa. Wakazunguka tena, akatua mwenyewe.

Walipoegesha, akazima injini.

"Umeshika mapema tena," Torgeir alisema. "Nilikuwa naigiza."

Hasira ilimpanda Benedita hadi masikio yakawaka. Miaka minane, na bado anafanywa mtoto! Ndipo akaiona mikono ya mzee. Ilikuwa ingali imeng'ang'ania usukani, na ndege imesimama.

"Haya," Benedita alisema. "Jua bado liko palepale. Turuke tena, uigize vilevile. Safari hii sigusi kitu, mikono yangu naikalia."

"Acha utoto, Benedita."

"Utoto? Washa injini, Kåre."

Torgeir alipeleka mkono kwenye ufunguo. Ukabaki hapo, haugeuzi. Kisha akaurudisha mapajani.

"Tangu lini?" Benedita aliuliza, sauti imemshuka.

"Tangu theluji ilipoyeyuka. Kwenye mwanga kama huu ardhi siioni. Nilidhani tumeshafika chini." Akajipangusa uso. "Umefaulu, binti. Nitaandika kilichotokea, na mimi kurusha ndege ndiyo basi."

Furaha hiyo Benedita alikuwa ameisubiri miaka miwili, na ilimjia kweli, ikamjaa kifuani. Lakini kwanza aliinama, akamfungulia mzee mkanda.