Maji Aliyoapa Kutoyanywa

Walikuja mtoni na majembe siku nne baada ya kumzika Nzuki. Walitaka kukifukia kisima changu.

Mto wetu, hapa karibu na Kathonzweni, ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Kila boma huchimba kisima chake mchangani na kukizungushia miiba. Changu alikichimba mama, nikabaki nacho alipofariki. Hatua thelathini kutoka pale ndipo kilipo cha Kanini, mke wa Nzuki. Maji yao yana chumvi. Yetu ni matamu, na chuki ilianzia hapo.

Miaka miwili iliyopita punda wao walivunja ua wetu na kunya ndani ya kisima. Mama akawatukana vibaya. Nzuki kwa hasira akaapa kithitu mbele ya wazee, kwamba akionja maji yetu tena, afe. Hata wanaokwenda kanisani kila Jumapili hukiogopa kiapo hicho. Anayekivunja huiachia nyumba yake uchafu, na mpaka itakaswe hakuna atakayekula kwao wala kuoa kwao.

Mwezi uliopita binti yao Yvonne, anayewauzia wasafiri mahindi ya kuchoma huko Kambu, alirudi akiharisha. Kanini akafua shuka zake kando ya kisima chao. Yvonne akapona. Wiki moja baadaye akashikwa Nzuki, naye alifia zahanati siku ya pili. Kisha wakaugua majirani watatu, wote wanaochota kwangu. Hapo Kanini akapata la kusema: maji yangu yamemuua mumewe. Wanawake wakaacha kunisalimia. Nilikuta mbuzi aliyeoza ametupwa juu ya miiba yangu, nikamburuta peke yangu.

Aliyewazuia wenye majembe ni Fahima, mpimaji wa maabara kutoka Kitui. Mwaka jana alikuwa amepima visima vyote vya mto huu, na safari hii amevipima tena. Mzee Munyao, mwenyekiti wa kamati ya maji, akasema tumsikilize kwanza.

Fahima alieleza polepole. Mwaka jana kijidudu cha kipindupindu kilikuwa kwenye kisima changu, lakini hakikuwa na sumu. Kilikuwa kama nyoka asiye na meno. Alichotoka nacho Yvonne huko Kambu ni ndugu yake mwenye sumu. Akasema sumu hiyo kijidudu hakizaliwi nayo. Huletewa na kirusi, kitu kidogo kuliko kijidudu chenyewe, kisichomgusa mtu kabisa. Kirusi huingia ndani ya kijidudu, kikakaa humo na sumu yake, na vizazi vyote vya kijidudu hicho vikazaliwa navyo. Kirusi kikitoka, huenda kutafuta kijidudu kingine.

"Kilichomuua Nzuki ni kijidudu cha kisima cha Kasyoki," akasema, akinielekezea kidole, "kikiwa na sumu ya kisima cha Kanini. Ni kipya. Mwaka jana hakikuwepo. Na hivyo viwili naona vilikutana ndani ya tumbo la mtu."

Kanini akasimama. "Mmesikia kwa masikio yenu. Ni cha kwake. Fukieni."

Mtu mmoja akainua jembe. Munyao akabaki ameinamia fimbo yake, kisha akauliza, kama anayejisemea, tumbo la nani.

Nikaona uso wa Kanini ukibadilika alipofika kimawazo pale mzee alipokuwa amefika.

"Mume wangu hakuonja maji hayo," akasema. "Aliapa. Huyu ndiye aliyemtilia kwa siri, mchawi mtoto wa mchawi. Mnamwona hata kichwa hainui?"

Ni kweli sikukiinua. Sijawahi kusema barazani. Niliacha shule darasa la tano, na mbele ya watu maneno hunikaukia. Munyao akanigeukia, akaniambia nikinyamaza kisima kitafukiwa, na nisichimbe tena mto huu. Je, nilimwona Nzuki akinywa?

Nilijua "ndiyo" yangu itaifanya nini nyumba ile. Watu wa Emali waliokuwa wakimposa Yvonne hawangerudi.

"Nilimwona," nikasema. "Alikuja alfajiri nyingi. Aliinua tawi moja kwa kijiti, akanywa, akalirudisha vizuri. Kikombe chake bado kiko hapo chini ya miiba."

Munyao mwenyewe akaenda, akachokoa kwa fimbo. Kikatoka kikombe cha bati chenye mkono uliofungwa waya wa shaba. Kanini akakitazama. Waya ule alikuwa ameufunga yeye.

Hakulia. Akaja mpaka nikasikia pumzi yake.

"Mara ya mwisho alikuja lini?"

"Siku aliyougua. Alikuwa ameshika tumbo. Akajisafisha, akanawa pale pale ukingoni."

"Ukamwona, na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Tangu alfajiri ya kwanza. Ulikuwa unangoja nini, Kasyoki?"

Nilikuwa nangoja kiapo kimle.

Wenye majembe wakaondoka mmoja mmoja. Munyao akaamua kisima changu kibaki, visima vyote viwili vitiwe dawa na maji yachemshwe, na nyumba ya Kanini isikaribiwe mpaka itakaswe. Fahima akafunga chupa zake. Jana yake alikuwa amekaa juu ya dumu langu tukicheka kama dada. Sasa alisema bila kunitazama:

"Siku ile aliponawa hapa, wale watatu walikuwa bado hawajachota. Ulikuwa na mdomo."

Mmoja wa wale watatu amezikwa jana. Kisima bado ni changu. Maji yake ni matamu vilevile, na hakuna anayekuja kuyaomba.