Pombe ya Mtumbwini

Maji ya bwawa yalianza kupungua Juni. Julai yakawa ya magotini, na mwanzoni mwa Septemba 1988 hapakuwa na bwawa tena. Palikuwa na matope tu, upana wa viwanja viwili vya mpira, na katikati vidimbwi viwili vya maji ya kijani. Ng'ombe waliingia humo mpaka tumboni, wakanywa, wakakojoa, wakatoka. Harufu ilifika mpaka zahanati ninakofanya kazi. Kila asubuhi nilifunga dirisha la upande ule, na bado uji wangu ulikuwa na ladha ya bwawa.

Zamani Mto Kashebe tuliuvuka kwa daraja la magogo. Mwaka 1983 ukaja mradi, ukajenga ukuta, bonde likajaa na daraja likazama. Tangu hapo usafiri ukawa mtumbwi. Sisi upande wa Igurwa tuna barabara na zahanati. Wenzetu wa ng'ambo wana migomba mizuri, basi. Kila mgonjwa wao alinifikia ndani ya mtumbwi wa Mbonimpa, mtu wa asili ya Burundi aliyekuja kufanya kibarua cha ukuta akabaki na kuoa huko huko.

Mradi ulipoondoka uliacha vitu viwili. Kimoja ni boti ya plastiki ambayo mabwana wa mradi walikuwa wakizunguka nayo Jumapili kujifurahisha. Kingine ni lango la chuma la kufungia maji. Boti ikawa banda la kuku nyumbani kwa mzee Kahigi wa ng'ambo, mwenyekiti wa kamati ya bwawa. Lango likashika kutu, likakwama likiwa wazi kiasi cha kiganja. Kamati ilikaa vikao vinne, kisha ikaziba ule mwanya kwa magunia na vigogo vya migomba. Migomba ikaoza. Kiangazi chote maji yalichuruzika kupitia pale mchana na usiku, na kamati ikaandika kwenye muhtasari wake kwamba mwaka huu jua ni kali.

Mzee Kahigi huyo ndiye baba yake Projest, na Projest ndiye aliyekuwa amuoe binti yangu Placidia.

Kwetu, kabla ya ndoa, upande wa kijana huleta rubisi, pombe ya ndizi, nyumbani kwa msichana. Anayeleta huonja kwanza, mbele ya watu wote, kuonyesha kwamba hakuna ubaya ndani. Kisha wazazi wa msichana hupokea na kunywa, na mama ndiye anayefunga. Mama akishakunywa, vibuyu vinafunguliwa kwa wageni. Mama asipokunywa, hakuna anayegusa, na maana yake ni kwamba kijana amekataliwa. Siku yetu ilipangwa iwe Jumamosi ya pili ya Septemba.

Ijumaa yake nilikuwa nyuma ya jiko nachambua maharage, nikasikia mtu anakohoa upande wa pili wa uzio.

"Shikamoo mama."

Ilikuwa sauti ya Projest. Nilipotazama kati ya matete nikaona mgongo wake. Mkwe hatazamani na mama mkwe, na kijana huyu alikuwa amelelewa vizuri, amesimama kati ya mibuni uso umeelekea bondeni. Alikuwa na matope mpaka kiunoni, na nilimnusa kabla sijamjibu. Nikamwambia marahaba, kisha nikamuuliza ana shida gani mpaka avunje miiko siku moja kabla.

"Mama, naomba kesho usinywe."

Akanieleza taratibu, akiuambia mbuni badala yangu. Hori la kwao la kukamulia ndizi lilipasuka mwaka jana. Shughuli ikiwa kubwa huazima hori la wifi yangu Costansia, upande wetu, na kulielesha juu ya maji mpaka kwao. Safari hii maji hayapo, na hori lile ni zito kama ng'ombe mfu, hakuna aliyekubali kulibeba matopeni. Mtumbwi wa Mbonimpa ulikuwa umelala juani bila kazi. Umechongwa kama hori, na ni mkubwa kuliko hori. Basi wakamwaga ndizi mbivu na nyasi ndani yake, wakakanyaga, wakaongeza maji na mtama wa kukaanga, wakafunika kwa majani ya mgomba.

Nilimuuliza walikanyaga wangapi. Akasema watano. Nikamuuliza miguu waliosha wapi. Akanyoosha kidole bondeni. Nikamuuliza maji yalichotwa wapi, na kama yalichemshwa. Kidole kikabaki pale pale, kwenye vidimbwi, na mimi nikaacha maharage.

Lazima niseme habari ya Sebahire. Mapema Agosti, wakati maji yalikuwa bado yanaelesha mtumbwi kwa shida, Mbonimpa alimleta mzee huyo akiwa na siku ya nne anahara damu. Mtumbwi ulikwama mara tatu njiani. Walipofika, Sebahire alikuwa amelala ndani ya uchafu wake mwenyewe, na uchafu ule ulikuwa unacheza kwenye nyayo za Mbonimpa. Alifariki jioni hiyo mikononi mwangu. Nilimpa Mbonimpa klorini nikamwonyesha namna ya kuosha. Baadaye nikajua mkewe aliitumia kung'arisha shati la kanisani. Mtumbwi aliukwangua kwa jembe akauanika. Shuka za marehemu jamaa zake walizifua bwawani, na hilo ndilo bwawa lililobaki vidimbwi viwili. Mimi nimesomea afya, nina stashahada yangu ukutani. Mtumbwi uliokaa juani mwezi mzima ulinitia kinyaa tu. Maji yale ndiyo yaliyonitisha.

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia. Kasema nimeshaanza kuwa mtu wa kwenu."

Nilimwambia aende nyumbani akaoge, kwa maji ya kuchemsha. Akaondoka bila kugeuka.

Mume wangu Polikarpi alisikia yote, na ushauri wake ukawa nilowanishe midomo halafu niteme pembeni. Yeye ni mtu wa amani; amani yake kwa kawaida naigharamia mimi. Placidia alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, mdomo tu. Hata kumeza si lazima."

Nilitaka kukubali. Binti yangu alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alimpenda kijana yule, na kijana mwenyewe alikuwa ametoka kupita matopeni kwa ajili yetu. Lakini nyuma ya mdomo wangu palikuwa na wageni arobaini. Nikigusa kibuyu, nimewafungulia. Watoto wangenyonya mirija waliyoacha baba zao. Nilimwambia Placidia hivyo. Akaingia ndani.

Jumamosi asubuhi wakaja. Tuliwaona tangu mbali wakivuka tope kwa mstari, suruali zimekunjwa, kila mtu na kibuyu au dumu lililozibwa kwa jani la mgomba. Mzee Kahigi alitangulia na koti na kofia, viatu ameviningʼiniza shingoni kwa kamba. Miguu yao ilikuwa ya kijivu mpaka mapajani na ilinuka. Wakakaa kwenye mikeka ambayo Costansia alikuwa ameifua.

Hotuba ya mzee Kahigi ilikuwa nzuri, sitamnyima. Kisha akamimina kwenye kibuyu kidogo, akapiga funda refu, akafuta masharubu kwa kiganja na kujaza tena. Akampa Polikarpi. Mume wangu akakipokea, akakitazama, akanipitishia mimi kama mtu anayempitisha mtoto aliyejikojolea. Ndani povu lilikuwa limeelea na kipande cha unyasi. Harufu ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililonichefua zaidi, kwamba ilinukia vizuri.

Nikamuuliza baba Projest pombe imekanyagwa wapi. Hakuona aibu yoyote. Akaeleza habari ya hori na maji, akasema wametumia akili, na watu wake wakacheka naye. Mtumbwi wa Mbonimpa, akasema, unameza mikungu ishirini bila kumwaga tone.

"Mtumbwi huo ulimleta Sebahire," nikasema.

Kicheko kikaisha.

"Sebahire ana mwezi kaburini, na mtumbwi una mwezi juani," alisema mzee Kahigi. "Na maji ni haya haya tunayokunywa siku zote. Mama Placidia, nimeonja mbele yako na bado nimesimama."

"Nipe mpaka Jumatatu, uje uniambie umesimama."

Nikakimimina kile kibuyu kwenye nyasi, polepole, kisinirukie miguuni. Kisha nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, kwamba kijana nimempokea na pombe sikuipokea, kwamba chakula kipo na chai ipo, wakae wale. Mzee Kahigi alisimama akavaa kofia. Alisema hajawahi kusikia mkwe anapokewa bila pombe, labda kwa wasomi. Projest alikuwa nyuma ya wenzake, macho chini, kama desturi inavyotaka. Baba yake akamshika mkono akamwondoa.

Walibeba vibuyu vyao. Shemeji yangu Leonidas aliwasindikiza mpaka ukingoni, na ilibidi nitume mtu amrudishe asije akaonja. Walipofika katikati ya tope wakaanza kunywa. Tuliwasikia wakiimba.

Jumapili baada ya ibada Placidia alipitia zahanati na sentensi moja tu, kwamba nimeokoa matumbo ya watu nikaua nyumba yake. Nilichemsha sindano za Jumatatu, na nilipomaliza nikazichemsha tena.

Jumatatu kabla ya saa nne Projest aliingia zahanati mbio. Hakugeuza mgongo.

"Mama, nisamehe, sina nafasi ya kugeuka. Mzee anahara damu tangu jana."

Na si mzee peke yake. Walikuwa kumi na wawili ng'ambo, wote waliokunywa. Yeye na Mbonimpa na vijana watatu walikuwa wamemleta baba yake, na njia ya kumleta mgonjwa ilikuwa ile ile moja. Maji ya kuelea hayakuwepo, na tope lilikuwa refu mno kwa machela. Walikuwa wameuburuta mtumbwi juu ya vigogo vya migomba, wakivitoa nyuma na kuvitanguliza mbele, tangu alfajiri. Niliukuta ukingoni. Mzee Kahigi alikuwa amelala ndani bila kofia, kwenye makapi ya ndizi ambayo hakuna aliyejali kuyatoa, na chini yake palikuwa kama palivyokuwa chini ya Sebahire. Pombe iliyochacha na choo, pamoja, chini ya jua. Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nilikwenda kando nikatapika, nikasukutua, nikarudi.

Tulimwingiza ndani. Nilimtuma Polikarpi akaombe gari la kanisa limpeleke hospitali, na Projest nikampa klorini na vipakiti vyote vya dawa ya kuharisha awahi kwa wale kumi na mmoja, na nikamfanya arudie maelekezo mara mbili. Kisha nikachanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kwenye jagi, nikamwekea mzee kikombe midomoni. Alifumba mdomo. Nikamweleza kwamba asipokunywa atakauka kama lile bwawa lake. Akageuza kichwa. Midomo yake ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani. Niliinama nimsikie.

"Anayeleta huonja kwanza."

Sikujua kama ni mzaha au ni ukaidi. Kwenye kikombe palikuwa na alama ya midomo yake. Nikachukua kijiko safi, nikachota kwenye jagi, nikanywa mbele yake.

"Nimeonja, na bado nimesimama."

Mzee Kahigi akafungua mdomo. Alikunywa kikombe, kisha nusu ya kingine. Akapumzika. Alisema rubisi ni tamu kuliko hii. Nikamwambia ndiyo, inaonekana.

Kisha akasema kwamba akipona watakuja tena, na mikungu ya ndizi mbichi, tuiivishe na kupika rubisi wenyewe kwa maji yetu.

"Na lango la bwawa mlitengeneze," nikasema.

"Mama Placidia, niko kitandani."

"Lango, baba Projest."

"Na lango," akasema, akafumba macho.

Gari lilipoondoka naye nikashuka ukingoni. Mbonimpa alikuwa amekaa chini anautazama mtumbwi wake, na aliponiona akaanza kutafuta jembe. Nilimwambia aache jembe. Safari hii nilikuwa na ndoo ya klorini mkononi, na nilikusudia kusimama pale mpaka amalize.

Nyuma yangu nikasikia mtu anateremka. Placidia alikuwa amefunga khanga kiunoni na kitambaa puani, ana brashi ya sakafu ya zahanati. Alichovya brashi kwenye ndoo yangu, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kusugua upande ule aliokuwa amelala baba mkwe wake.